Kula vizuri Melton Mowbray: sokoni, baa ya kijijini, au meza yenye nyota?

Nenda Jumanne. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ale wapi akifika Melton Mowbray, hata kabla sijataja duka wala mgahawa. Mji huu wa mkoa wa Leicestershire, Uingereza, ulikuwa na soko lake tayari mwaka 1086, pale watu wa Mfalme William walipopita nchi nzima wakiandika nani anamiliki nini katika kitabu cha Domesday, na ndilo soko pekee la mkoa huo lililoandikwa humo. Zaidi ya miaka mia tisa imepita na siku ya soko bado ni Jumanne. Meza za wachuuzi hupangwa katikati ya mji, na upande wa barabara ya Scalford kuna mnada wa mifugo, kondoo na ng'ombe wakishushwa kwenye magari tangu asubuhi. Jumamosi nayo ina meza za wachuuzi, ila ule uchangamfu wa wafugaji walioshuka na buti zao zenye matope hutaukuta.

Mimi naishi Leicester, kama robo saa kwa treni ile inayotoka Birmingham kwenda uwanja wa ndege wa Stansted. Wageni wangu kutoka nyumbani wote huomba kitu kimoja: waonje chakula cha Waingereza wenyewe, waache kuku wa kukaanga wa kila kona ya London. Huwaleta Melton. Lakini siwapeleki mahali pamoja. Mama mdogo wangu wa Tanga, ambaye swala tano hazimpiti, na shemeji yangu wa Moshi, ambaye kwake hakuna sherehe bila kitimoto, hawawezi kuingizwa mlango mmoja wa Melton wakatoka wote wameshiba na roho zimetulia. Ulinganisho huu umetokana na kuwatembeza hao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wengine wengi baada yao.

Pai na jibini ni ndugu

Melton inajulikana kwa vitu viwili, pai ya nguruwe na jibini ya Stilton, na cha kwanza kimezaliwa na cha pili. Ukigandisha maziwa kutengeneza jibini, yanabaki maji mengi. Wakulima wa eneo hili waliyaona yale maji ni mali, wakawanywesha nguruwe, nguruwe wakanenepa. Majira ya kupukutika majani, nguruwe walipochinjwa, ndio msimu wa kuwinda mbweha ulipokuwa ukianza, na Melton ulikuwa mji mkubwa wa wawindaji. Vijana wa kutunza farasi walihitaji chakula cha kutia mfukoni: nyama ndani ya ganda gumu la unga, isiyomwagika na isiyohitaji sahani. Matajiri wakaionja, wakaipenda, na mwaka 1831 mwokaji mmoja wa mji huu, Edward Adcock, akaanza kuisafirisha London kwa magari ya farasi.

Ninaeleza haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kuchagua. Chakula cha Melton kilizaliwa cha kubebwa mkononi. Ndiyo maana kwa maoni yangu mlo bora wa mji huu hauna kiti. Unanunuliwa dukani, unafunguliwa kwenye benchi karibu na kanisa la Mtakatifu Mary au kando ya mto kwenye bustani, na kisu kidogo kinatosha.

Dukani: kwa anayekula nguruwe

Hapa sina mashaka hata kidogo. Duka la Ye Olde Pork Pie Shoppe, mtaa wa Nottingham, ndilo la kwanza kuingia. Dickinson & Morris wanaoka pai hapo tangu 1851.

Nunua pai ndogo ya mtu mmoja, ikate katikati, uitazame kabla ya kula. Ubavu wake umetuna, kwa sababu inaokwa bila pete ya chuma ya kuishikilia, hivyo inatanuka inavyotaka. Nyama ya ndani ni ya kijivu, rangi ile ya nyama iliyookwa nyumbani. Haina uwaridi kwa sababu haikutiwa chumvi ya kuhifadhia, na imekatwakatwa vipande badala ya kusagwa, kwa hiyo jino linakutana na nyama ya kweli. Kati ya nyama na ganda kuna utando wa jeli. Hiyo ni supu ya mifupa iliyomiminwa kupitia tundu la juu baada ya pai kutoka jikoni, ikaganda ilipopoa. Pilipili manga unaisikia mwishoni, kooni.

Shemeji aliomba ipashwe moto. Muuzaji akatikisa kichwa taratibu, akamwambia jeli yote itayeyuka na ganda litalowa. Pai hii inaliwa ya baridi. Tukaila benchini na haradali, na baada ya tonge la tatu shemeji alinyamaza kabisa, na kwake kunyamaza mezani ni sifa kubwa.

Ukiilinganisha na pai ya nguruwe ya supamaketi ya kawaida, tofauti iko wazi: ile mara nyingi ina ubavu ulionyooka kama kopo na nyama ya waridi iliyosagwa laini. Jina la Melton Mowbray lililindwa na sheria za Ulaya mwishoni mwa miaka ya 2000, na baada ya hapo pai inayobeba jina hilo lazima iokwe ndani ya eneo maalumu lililopimwa kuuzunguka mji, kwa nyama isiyotiwa dawa za kuhifadhia. Kwa hiyo hata supamaketi unaweza kupata ya kweli ukisoma karatasi. Ila ya dukani pale unaipata na vumbi la unga chini yake, na harufu ya oveni haimo kwenye friji ya supamaketi.

Kwa asiyekula nguruwe, neno moja la tahadhari, na nalisema kwa uzito. Ganda la pai hii limekandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nguruwe. Mafuta hayo hayaishii kwenye pai za nguruwe. Katika mji huu yanaweza kuwa ndani ya ganda la pai nyingine yoyote, hata ya kuku, na kisu cha kukatia ni kilekile. Usidanganywe na jina la nyama lililoandikwa juu. Uliza ganda limekandwa kwa nini. Wauzaji wa hapa wanajua bidhaa zao na hawachukii kuulizwa.

Jibini: kwa kila mtu, na hasa kwa mama mdogo

Kama huli nguruwe, usiukatae mji. Jibini peke yake inatosha kulipia nauli.

Stilton kwa sheria inatengenezwa katika mikoa mitatu tu: Leicestershire, Nottinghamshire na Derbyshire. Kijiji chenyewe cha Stilton kiko Cambridgeshire, nje ya mipaka hiyo, hivyo hakiruhusiwi kutengeneza jibini yenye jina lake. Kilikuwa kituo cha magari ya farasi kwenye barabara kuu ya kwenda kaskazini, jibini ya huku Melton ikauzwa pale kwenye nyumba ya wageni ya Bell, na wasafiri wakaipa jina la mahali walipoilia. Duara moja la Stilton lenye kilo saba hadi nane linameza maziwa yapata lita 77. Hukaa wiki kadhaa, kisha hutobolewa kwa sindano ndefu za chuma ili hewa iingie, na hewa hiyo ndiyo inayoamsha ile mishipa ya buluu.

Nenda duka la jibini mjini, siyo kwenye rafu ya plastiki. Muuzaji atachota kipande kama ukucha kwa ncha ya kisu na kukupa juu ya karatasi. Onja mbili za viwanda tofauti. Usiogope kuomba ya pili, ndivyo inavyonunuliwa. Majina ya kuuliza ni Long Clawson, Colston Bassett na Cropwell Bishop, vyote vijiji vya bonde la Belvoir lililo kaskazini ya mji (wenyewe hutamka “Biva”, na ukisema kama ilivyoandikwa watakuelewa tu). Mimi huichagua ile iliyo laini kama siagi katikati na yenye chumvi isiyouma.

Mama mdogo aliitazama mishipa ile akaniuliza, “Mwanangu, hii haijaharibika?” Nikamwambia aifumbie macho, aweke ulimini na aache iyeyuke. Akafanya hivyo. Akakaa kimya kidogo, akasema, “Kumbe ni kama samli iliyokolea chumvi.” Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo kutoka kwa mtu yeyote. Kabla ya kununua aliniagiza niulize maziwa yaligandishwa kwa nini, maana kigandishi kinaweza kutoka tumboni mwa ndama au kwenye chanzo kisicho cha mnyama. Swali hilo ni la kawaida hapa, kwa sababu Waingereza wasiokula nyama nao huliuliza kila siku. Jibu linatofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi ya bidhaa. Tulipata inayowafaa wasiokula nyama, akatulia.

Chukua na Red Leicester kipande, ile ya rangi ya machungwa, kwa watoto na kwa wale ambao buluu imewashinda. Ongeza mkate na pea sokoni. Huo mlo wa watu wawili unagharimu chini ya sahani moja ya baa, na kwangu unaizidi.

Baa ya mjini au baa ya kijijini?

Neno baa linaweza kumpotosha msomaji wa nyumbani. Baa ya Kiingereza ni sebule ya mtaa. Familia huingia na watoto, bibi na bwana hula mchana, na mtu anaweza kuagiza chai asiulizwe.

Mjini kuna baa ya Anne of Cleves, mtaa wa Burton, jengo la karne ya 14 lililokuwa makazi ya mapadri, ambalo Mfalme Henry VIII alimpa Anne huyo, mke wake wa nne, walipoachana. Ingia kwa ajili ya mawe na mbao zake. Lakini kama shabaha ni kula, na una gari au rafiki mwenye gari, mimi ningekwenda kijijini, na ningekwenda Jumapili.

Jumapili baa za vijiji vinavyoizunguka Melton huwa na mlo mmoja tu unaostahili kuagizwa: nyama ya kuoka. Vipande vya ng'ombe vyenye waridi katikati, viazi vilivyokaangwa katika oveni hadi vikapasuka kwa nje, karoti, kabeji, mchuzi mzito wa kahawia, na Yorkshire pudding, kile kitu cha mayai, maziwa na unga kilichofura mfano wa bakuli ili kishike mchuzi. Ng'ombe wa malisho ya huku ni wazuri. Hapa ndipo wafugaji wa mnada wa Jumanne wanapokula wenyewe, na baa ikiwahudumia vibaya watu hao itafungwa mwaka huohuo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa saa. Nilimpeleka mgeni baa ya kijiji kimoja siku ya katikati ya wiki, tukafika saa tisa kasorobo mchana, jiko limeshafungwa tangu saa nane na halifunguliwi tena hadi jioni. Tulikula krispi za pakiti mbele ya moto mzuri, njaa ikituuma. Jumapili ni kinyume chake: jiko linapika mchana moja kwa moja, halafu jioni hakuna kitu. Kwa hiyo piga simu, weka nafasi, na uwe umeketi saa saba. Bila gari pia fikiria mara mbili, kwa maana mabasi ya vijijini ni haba na Jumapili ndiyo mabaya zaidi.

Kwa Mwislamu, nyama ya baa hizi si halali, na viazi vingine hukaangwa kwa mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe, kwa hiyo hata sahani ya mboga inahitaji swali. Samaki wa kuoka kwa kawaida yupo. Lakini kwenda hadi kijijini Jumapili ili kula samaki, huku kila meza ikinukia nyama, sioni faida yake. Mama mdogo sikumpeleka. Nilimpeleka kunywa chai na skonzi za Kiingereza za siagi, malai na jemu ya stroberi, na alifurahi kuliko ambavyo angefurahi na samaki yule.

Meza yenye nyota

Kama nusu saa kwa gari kuelekea kusini-mashariki, kwenye rasi ya ziwa Rutland Water, iko hoteli ya Hambleton Hall. Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa kwa kuziba bonde, kazi ya miaka ya 1970, na sehemu ya chini ya kijiji ilizama humo. Hoteli ilifunguliwa 1980, ikapata nyota ya Michelin, kile kitabu kinachopima ubora wa migahawa, 1982, na haijaipoteza tangu hapo.

Nimekula hapo mara moja, mchana, kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Ni chakula cha ustadi wa hali ya juu, mboga nyingi zikitoka bustani ya palepale, na wahudumu wanaokujali bila kukusimamia kichwani. Bei ya mtu mmoja ingelisha familia nzima kwenye baa ya kijijini. Ukiwa na jambo la kusherehekea, nenda mchana, si usiku, kwa sababu mchana ni nafuu zaidi na ziwa unaliona. Waarifu mapema usichokula; jiko la aina hii hubadilisha sahani bila manung'uniko likijulishwa kabla ya siku. Usipokuwa na sherehe, pita Oakham, kituo kinachofuata cha treni baada ya Melton, ununue mkate wa chachu wa Hambleton Bakery, ulioanzishwa na mwenye hoteli hiyo pamoja na mwokaji wake. Kwa pauni chache unaondoka na kitu cha mkono uleule, na ukiupaka siagi na Stilton juu yake, unao mlo.

Chipsi na kari

Melton ina maduka ya samaki na chipsi na ina migahawa ya kari, kama kila mji wa Uingereza. Ni chakula kizuri cha jioni ya mvua, ila huna haja ya kusafiri kukifuata. Jambo moja tu la kuuliza kwenye samaki: mafuta. Maduka mengine ya sehemu hizi bado hukaangia mafuta ya ng'ombe, na chipsi zake zina utamu wa pekee, lakini kwa asiyekula nyama isiyo halali, au Mhindu, hilo ni tatizo kubwa lisiloonekana kwa macho.

Kwa kari, ushauri wangu ni rudi Leicester. Familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, na nyingine zilizohama Kenya na Tanzania, ndizo zilizoujenga mtaa wa Belgrave Road ulivyo leo. Ndani ya migahawa ile utaikuta “mogo” kwenye orodha ya vyakula, na hiyo ni mihogo yetu ya kukaanga, pilipili na ndimu juu yake, jina likiwa limekatwa kichwa tu. Wazee wengine wa pale watakujibu kwa Kiswahili ukiwasalimia “shikamoo”. Mingi ya migahawa hiyo haipiki nyama kabisa, na ya halali imejaa mitaa mingine ya jiji.

Basi uende wapi?

Unakula nguruwe na una siku moja tu: Jumanne, pai dukani, pita mnadani usikie dalali anavyohesabu, jibini, treni ya alasiri. Usihangaike na kiti.

Unakula halali: Jumanne vilevile. Kifungua kinywa cha mayai na mkate mjini (waambie kikaango kiwe kingine, siyo kile cha bekoni), jibini na matunda ya sokoni mchana, chai na skonzi saa tisa, chakula cha usiku Leicester. Mpango huu ndio niliofanya na mama mdogo, na sioni wa kuushinda.

Mna gari na mna watoto: Jumapili, baa ya kijijini, nafasi mmeweka tangu Jumatano. Maduka mengi ya mji yatakuwa yamefungwa au yanafunga mapema, kwa hiyo pai na jibini msizitegemee siku hiyo. Wapendanao wenye akiba waende Hambleton mchana. Na kama wewe ni mtu wa miguu dhaifu au unasafiri na mzee, Melton inakufaa kuliko vijiji, kwani kutoka kituo cha treni hadi sokoni ni dakika chache na njia ni tambarare.

Ukifika nyumbani na Stilton yako, itoe kwenye plastiki, izungushie karatasi ya kuokea, uiweke sehemu ya chini ya friji. Itoe saa moja kabla ya kula. Ikiwa ya baridi haina harufu wala utamu wake. Waingereza huila na pea au jozi. Mama mdogo, usiku ule, alifungua mfuko wake wa safari akatoa tende za Madina, akazipasua, akatoa kokwa na kutia jibini ndani. Zilikuwa saba. Asubuhi nilikuta sahani tupu, na karatasi ya duka ameikunja vizuri pembeni ili nisisahau jina la ile tuliyonunua.